Sumu ya Panya, Chinsaga na Moyo wa Dada Yangu

Dada yangu ana daftari dogo la bluu, la shule ya msingi. Kwenye kila mstari ameandika tarehe na namba. 1.4. 2.2. 4.8. 1.7. 3.1. 6.9. Hiyo ya mwisho ameizungushia kalamu nyekundu. Mtu asiyejua atadhani ni alama za mtihani, na kusema ukweli ndivyo zinavyosomwa kliniki.

"Umekula nini wiki hii?"

"Chakula tu, daktari."

"Mboga?"

"Ndio, kidogo."

"Na nilikwambia nini kuhusu mboga?"

Dada ananyamaza. Ana miaka thelathini na moja, na anaangalia viatu vyake kama mtoto wa darasa la tatu. Mimi niko kando yake kwenye benchi, nimeshika daftari, nauli ya kurudi Keroka iko mfukoni, na swali moja halinitoki: kwa nini namba hii haitulii? Nilikuwa nasoma historia chuo kikuu kabla ya kuacha. Sikutoka na digrii, ila nilitoka na tabia moja: kitu kikinisumbua, nauliza kilianzia wapi.

Hiki kilianzia mbali sana na Kisii. Kilianzia kwa ng'ombe.

Lakini kwanza nikueleze kilicho kifuani mwa dada. Akiwa mtoto aliumwa koo mara nyingi. Koo la kawaida tu, tunalotibu nyumbani kwa maji ya chumvi na limau. Wakati mwingine koo hilo huletwa na bakteria aitwaye streptokoka, na kwa watoto wachache mwili unapopigana naye unakosea adui: unaanza kushambulia viungo na moyo wake wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Magoti yanavimba, homa inapanda, kisha yote yanapoa na watu wanasahau. Moyo hausahau. Vali, zile milango ndogo zinazoruhusu damu kupita upande mmoja tu, zinapata makovu, zinakuwa ngumu, zinaziba au zinavuja. Miaka kumi baadaye msichana anashindwa kupanda kilima cha kwenda mtoni, watu wanasema ni mvivu.

Penisilini inaweza kuzuia haya yote. Koo likitibiwa mapema, homa haiji. Ikishakuja, sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne huzuia isirudi kuharibu zaidi. Ndiyo maana ugonjwa huu umekaribia kusahaulika katika nchi tajiri, na sisi bado unatuchukulia vijana. Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kupambana nao. Kwa dada yangu azimio lilichelewa. Alikuwa tayari amepoteza vali ya mitrali, na mwaka uliofuata akawekewa nyingine, ya kutengenezwa.

Nyumbani tunaiita vali ya chuma, ingawa sehemu zinazofunguka na kufunga ni vibao viwili vya kaboni ngumu. Ukilala chumba kimoja naye, stima ikipotea na redio ikinyamaza, unaisikia: tik, tik, tik. Mama husema huo ndio mlio anaoupenda kuliko wote duniani.

Sisi Wakisii tuna sifa moja kwenye vitabu vya historia ya tiba ambayo hatuitaji sana. Mabingwa wetu wa kienyeji, omobari mmoja mmoja, walikuwa wakifungua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu ili kumtibu mtu aliyegongwa akabaki na maumivu yasiyoisha. Katikati ya karne ya 20 wageni walikuja kuwapiga picha na kuandika juu yao kwa mshangao. Naifikiria hiyo sifa kila mara watu wanapokuja kumwona dada. Wanataka kuona kovu. Wanataka kusikia kuhusu siku ya kisu, masaa mangapi, mashine gani. Hakuna anayeuliza kuhusu daftari. Kisu kilifanya kazi siku moja. Daftari ni la maisha yote.

Kwa sababu damu haipendi kitu kigeni. Ikigusa kaboni au chuma inataka kuganda. Bonge dogo likikaa kwenye vali, mlango unakwama. Likichomoka, linakwenda kichwani, na hiyo ni kiharusi. Kwa hiyo kila jioni dada anameza wafarini. Watu huiita dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, lakini damu haiwi nyepesi; inachelewa tu kuganda. Ikichelewa kidogo mno, bonge. Ikichelewa kupita kiasi, anavuja damu ndani. Njia iliyobaki katikati ni nyembamba, na ile namba ya daftarini, INR, ndiyo inayoonyesha uko wapi. Mtu ambaye damu yake iko kawaida na hanywi dawa hii ana kama 1. Dada, kwa vali ya mahali pake, anatakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5.

Sasa turudi kwa ng'ombe.

Miaka ya 1920, wafugaji wa Canada na kaskazini mwa Marekani walianza kuona maajabu. Ng'ombe aliyekatwa pembe, jambo la kawaida kabisa, alivuja damu mpaka akafa. Mwingine alikufa bila hata jeraha, ukimpasua unakuta damu imejaa ndani. Daktari wa mifugo mmoja huko Ontario, Frank Schofield, aligundua kwamba wote walikuwa wamekula nyasi kavu za mmea uitwao klova tamu, tena zilizoota ukungu. Alichambua mabua, mazuri huku, yaliyoharibika kule, akawalisha sungura. Aliyekula mazuri aliishi, aliyekula mabovu alivuja damu akafa. Shauri lake lilikuwa rahisi: usilishe nyasi zenye ukungu. Lakini mkulima maskini mwenye nyasi hizo tu, na majira ya baridi hayajaisha, atalisha nini?

Februari 1933, mkulima wa namna hiyo, Ed Carlson wa Wisconsin, alipakia kwenye gari ndama jike aliyekufa, debe la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na mzigo wa nyasi. Akaendesha karibu kilomita 300 kwenye dhoruba ya theluji hadi Madison, kumtafuta daktari wa mifugo wa serikali. Ofisi ilikuwa imefungwa. Akagonga mlango mwingine uliokuwa wazi, wa maabara ya mkemia Karl Paul Link.

Link hakuwa na dawa ya kumpa. Alimwambia tu aache kulisha zile nyasi na ajaribu kuwaongezea damu wale ng'ombe waliobaki. Carlson akarudi nyumbani na huzuni yake. Lakini lile debe la damu lilibaki maabara, na Link na vijana wake wakakaa na swali lile miaka sita. Mwaka 1939 mmoja wao, Harold Campbell, alipata chembe safi za ile sumu. Klova ina kemikali inayoitwa kumarini, ndiyo inayoipa ile harufu tamu. Ukungu unaigeuza kuwa kitu kingine, dikumaroli, na hicho ndicho kilichozuia damu ya ng'ombe kuganda.

Wakati huohuo, upande wa pili wa bahari, huko Copenhagen, Henrik Dam alikuwa akilisha vifaranga chakula kisicho na mafuta. Vifaranga wakaanza kuvuja damu. Mwaka 1935 akatangaza kwamba kuna vitamini mpya inayohitajika damu igande, akaiita K, kutoka neno la kwao la kuganda, Koagulation. Kazi hiyo ilimpa nusu ya Tuzo ya Nobel ya 1943. Na vitamini K inapatikana wapi kwa wingi? Kwenye majani ya kijani.

Ukiziweka hadithi hizi mbili pamoja utaona kilichonifanya niweke simu chini na nikae kimya dakika nzima. Dawa ya dada yangu ilitoka kwenye jani. Na kinachoivuruga pia kinatoka kwenye jani. Ini linatumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu, kisha linaifufua ile vitamini ili itumike tena. Dawa za ukoo wa dikumaroli zinaziba huko kufufuliwa. Kwa hiyo siku zote kuna mvutano kati ya kidonge na sahani. Huo mvutano si kasoro iliyoletwa na mgonjwa mkaidi kutoka Kisii. Ndiyo tabia ya dawa yenyewe tangu kwenye zizi la Carlson.

Mwaka 1945 Link mwenyewe alilazwa na kifua kikuu. Akiwa kitandani alisoma kuhusu vita vya binadamu na panya, akawaza: ile sumu ya ng'ombe, je? Maabara yake ikachagua moja kali katika ukoo ule, na mwaka 1948 ikaingia sokoni kama sumu ya panya. Jina lilitokana na herufi za mwanzo, kwa Kiingereza, za wakfu wa wahitimu wa Wisconsin uliogharimia utafiti, WARF, ikaongezewa mkia wa kumarini. Wafarini.

Hakuna aliyethubutu kumpa mtu, mpaka 1951, kijana mmoja aliyeingizwa jeshini Marekani alipoinywa mara kadhaa kwa nia ya kujiua. Alipelekwa hospitali, akapewa vitamini K, akapona kabisa. Madaktari wakatazamana. Kumbe ipo namna ya kuirudisha damu ikizidi! Mwaka 1954 wafarini ikaruhusiwa kutumika kwa binadamu. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower alipata shtuko la moyo, na dawa aliyopewa ilikuwa hiyohiyo ya panya.

Bado hakukuwa na vali. Hiyo ilikuja 1960, Portland, Oregon. Mhandisi mstaafu, Lowell Edwards, alimwendea daktari kijana Albert Starr akitaka watengeneze moyo mzima wa bandia. Starr akamwambia, tuanze na vali moja. Wakatengeneza kitu kama kizimba kidogo chenye mpira ndani: damu ikisukuma, mpira unasogea, ikitaka kurudi, mpira unaziba. Mgonjwa wa kwanza hakumaliza siku. Wa pili aliishi miaka mingi. Na tangu siku hizo, kila aliyewekewa vali ya namna hiyo alihitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Kizimba cha Portland na nyasi za Wisconsin zikakutana kwenye mwili mmoja, na zimeshikana mpaka leo.

Sehemu ya mwisho ya historia hii ni namba yenyewe. Mwaka 1935 Armand Quick alibuni kipimo cha kuhesabu sekunde ambazo damu inachukua kuganda ukiichanganya na dutu iliyotengenezwa kwa ubongo wa sungura. Shida ni kwamba dutu ya maabara hii haikulingana na ya maabara ile. Sekunde zako za London hazikuwa sekunde zako za New York. Wagonjwa walipandishiwa dozi na kushushiwa kwa sababu ya tofauti ya chupa. Ndipo mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani likakubali hesabu moja ya kulinganisha maabara zote, na jina lake ni INR. Kwa hiyo INR ni mapatano. Ni ahadi kwamba 3 ya Kisii ni 3 ya kila mahali. Lakini ahadi hiyo ina sharti moja: lazima upime.

Na hapa ndipo benchi letu linaingia.

Miezi ya kwanza baada ya upasuaji dada aliambiwa: acha mboga za kijani. Basi. Mwambie Mkisii aache mboga za kijani uone. Kwetu obokima bila mboga si mlo, ni adhabu. Shamba letu ni robo eka, na pembeni yote mama amepanda chinsaga, rinagu, emboga, risosa. Chinsaga hasa. Unaichemsha ile uchungu ipungue, unaitia maziwa, unaiacha, kesho yake ndiyo inakuwa tamu kweli. Mama mzazi anaijua chinsaga kabla ya kumjua daktari. Aliyejifungua hupewa ili arudishe damu. Sasa mwanawe ametoka hospitali hana nguvu, na anaambiwa asimpe.

Dada alijaribu. Wiki mbili kabichi nyeupe na maharagwe, namba ikapanda, wakamshushia dozi. Kisha wikendi kuna mazishi, au shangazi amekuja, au njaa tu imemshika na sufuria iko jikoni. Anakula bakuli mbili za chinsaga. Namba inaporomoka hadi 1.4. Anaulizwa, anaona haya, anakana. Wanampandishia dozi, naye kwa woga anaacha mboga tena. Namba inaruka 4.8. Ukiangalia daftari unaona mawimbi. Kila wimbi liliandikwa kama kosa lake, lakini mimi naona ushauri mbaya uliofuatwa kwa uaminifu.

Kwa sababu ushauri unaotolewa na wanaoijua dawa hii hausemi acha. Unasema kula kiasi kilekile, siku zote. Dozi ya wafarini hupangwa kulingana na mlo wako. Ukila bakuli moja kila siku, watakupa dozi ya mtu wa bakuli moja. Tena asiyekula kabisa ana akiba ndogo ya vitamini K, kwa hiyo hata kijiko kimoja kinaweza kumtikisa. Mboga si adui. Kinachotikisa ni kubadilikabadilika.

Ile 6.9 nyekundu haikuhusu mboga hata kidogo. Dada aliharisha, tukaenda duka la dawa lililo karibu, tukauziwa Flagyl. Hakuna aliyeuliza anatumia dawa gani nyingine, na sisi hatukusema, maana hatukujua ni jambo la kusema. Flagyl inapunguza kasi ya mwili kuiondoa wafarini. Septrin pia, na dawa ya fangasi iitwayo flukonazoli. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume, inaifukuza haraka. Siku ya tano dada alipiga mswaki, ufizi ukaanza kutoa damu na haukunyamaza. Mama alisimama mlangoni na taa.

"Wewe baba," aliniambia, taratibu, "hii damu mbona haikomi?"

Tulikodi gari usiku huo. Alipewa vitamini K, akalazwa siku tatu. Dawa ya yule kijana wa 1951, nilikuja kujua baadaye.

Na kuna jambo jingine la kimaumbile. Protini za kugandisha damu zilizokwisha kutengenezwa hazifi siku moja. Nyingine huchukua siku kadhaa kupungua. Dozi ikibadilishwa leo, ukweli wake utauona wiki ijayo. Kwa mtu asiyetulia inabidi kupima mara kwa mara, hata kila wiki. Dada alikuwa akipima kila baada ya miezi miwili, kwa sababu kipimo na nauli ya watu wawili ni pesa ambayo majani ya chai hayaleti. Ni sawa na kuendesha gari usiku na kuwasha taa mara moja kila kilomita kumi, kisha watu wanakushangaa kwamba umeingia mtaroni.

Utaniuliza, kwani hakuna dawa mpya? Zipo, na kwa wagonjwa wengine ni nzuri sana, hazihitaji INR. Lakini dabigatrani ilipojaribiwa kwa watu wenye vali za kutengenezwa, jaribio lilisimamishwa 2012 kwa sababu waliipata mabonge zaidi na kuvuja damu zaidi. Mwaka 2022 yakaja matokeo ya utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wenye moyo ulioumizwa na homa ya rumatiki na mapigo yasiyo na mpangilio. Hao hawakuwa na vali za chuma, na wengi walidhani rivaroksabani ingeshinda. Waliokuwa kwenye dawa za zamani, za ukoo wa wafarini, ndio waliokufa wachache zaidi. Kwa hiyo ile sumu ya panya bado iko, na kwa dada haina mrithi.

Kilichonipa moyo nilikipata karibu kuliko nilivyodhani. Kule Eldoret, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi kwa kushirikiana na AMPATH ilianzisha kliniki ya wafarini inayoendeshwa na wafamasia. Mfamasia anapima, anauliza, anarekebisha dozi, anamfuatilia mgonjwa. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha wagonjwa wakikaa ndani ya kiwango karibu theluthi mbili ya muda, sawa na kliniki za nchi tajiri. Hao ni watu kama sisi, wa mashamba, wa matatu, wanaokula mboga kama sisi. Walichokuwa nacho zaidi ni mtu mmoja wa kuwafuatilia na kipimo cha mara kwa mara.

Ndiyo maana nimekusimulia historia hii ndefu ya ng'ombe na vifaranga. Dada aliamini miaka kadhaa kwamba ana tabia mbaya. Nilipomsimulia habari za Carlson na debe lake, alicheka sana, halafu akauliza, "Kwa hiyo hata ng'ombe walilaumiwa?"

Safari hii tulipoenda, nilizungumza mimi. Nilimwambia daktari, mwingine, kijana: anakula chinsaga au rinagu, bakuli moja, kila siku, na hataacha. Mpangie dozi ya hiyo. Akatuangalia, akaliangalia daftari, akasema, "Sawa. Lakini iwe bakuli lilelile." Akaandika tarehe ya wiki inayofuata, si ya mwezi wa pili. Nauli tutatafuta, binamu wawili wameahidi, tutaona kama wataendelea.

Mama amechagua bakuli la plastiki la kijani, ameweka alama ya kucha ndani, mboga zisipite hapo. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kulitumia. Daftarini sasa kuna 2.3, 2.6, 2.9, 2.4. Hiyo 2.4 iko chini kidogo. Dada ameiandika bila kuizungushia chochote.